Okinawa kusini kwa siku mbili: magenge (miamba mirefu) ya bahari na mapango ya vita vya 1945, nipange vipi?

Mpwani_T:
Wadau, salaam. Mwishoni mwa Mei nitakuwa Naha siku mbili kamili, bila gari. Nataka kuona mwambao wa kusini mwa kisiwa cha Okinawa, kuanzia Itoman hadi Nanjo, pamoja na maeneo ya vita ya 1945 kati ya Marekani na Japani. Naomba kujua: nianzie wapi, basi linafika karibu na magenge au linaishia mjini, inawezekana kushuka ufukweni pale Mabuni (kilima cha pwani chenye Bustani ya Amani), na ni mapango gani yanaingilika kwa mtu asiyejua Kijapani. Ratiba nyingi nilizoona zinasema vita asubuhi, bahari mchana. Natanguliza shukrani.

Kusi:
Mkuu, hiyo ratiba iache. Kule bahari na vita haviachani, na sababu ni mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya kusini ni chokaa ya matumbawe ya kale, jamaa wa mwamba wa pwani yetu, iliyolalia tabaka la udongo mgumu usiopitisha maji. Mvua ikipenya chokaa ikafika kwenye lile tabaka, hutafuta njia ya pembeni. Hapo ndipo mapango, ambayo wenyeji huyaita gama, yalipochongeka, na hapo ndipo chemchemi hutokea chini ya magenge, karibu kabisa na bahari. Mwaka 1945 mapango yakawa hospitali, vituo vya jeshi na kimbilio la raia. Chemchemi zikawa mahali pa kufia: aliyejificha ilibidi atoke kuteka maji, na manowari za Marekani zilikuwa zimeegesha mbele yake.

Kwa hiyo fuata mpangilio wa vita, kaskazini kwenda kusini. Wamarekani walitua kisiwa kikuu cha Okinawa Aprili 1. Makao ya Jeshi la 32 la Japani, chini ya Jenerali Ushijima Mitsuru, yalikuwa kwenye mahandaki chini ya ngome ya Shuri, mjini Naha. Mwishoni mwa Mei, badala ya kumalizia vita hapo, alirudi nyuma hadi Mabuni ili kuchelewesha mashambulizi dhidi ya visiwa vikuu vya Japani. Huko kusini raia walikuwa tayari wamejazana. Askari wakaingia katikati yao, wakagombea nao mapango yale yale. Usipoanzia Shuri, utafika Mabuni uone mandhari nzuri na majina mengi ukutani bila kuelewa kwa nini hapo.

Siku ya kwanza: Shuri kwa treni ya reli moja, kisha handaki la makao ya jeshi la majini pale Tomigusuku. Ya pili: Himeyuri (mnara na makumbusho ya wanafunzi waliokufa vitani), Mabuni na ufukwe. Nanjo, kwa maoni yangu, haitoshei bila gari, labda kwa pango moja tu. Wataalamu wa mapango watakuja.

Shuri usitarajie kuingia mahandakini, yamefungwa. Ngome yenyewe iliteketea vitani, ikajengwa upya, ikaungua tena Oktoba 31, 2019. Tomigusuku ndiko unakoingia kweli: unashuka ngazi zaidi ya 100, kuta bado zina alama za sururu, na kwenye chumba cha maofisa kuna matundu ya vipande vya guruneti walizojiulia. Kamanda wake, Ota Minoru, alituma simu ya maandishi Juni 6 akieleza mateso ya raia wa Okinawa na kuomba wafikiriwe kwa namna ya pekee. Siku chache baadaye akajiua. Isome tafsiri yake kabla hujashuka.

Dereva_wa_Zamu:
Kuhusu basi. Kituo kikuu cha Naha kiko jirani na stesheni ya Asahibashi. Panda namba 89 hadi kituo cha mwisho cha Itoman, badili upande 82. Hiyo 82 inapita Himeyuri, kisha lango la Bustani ya Amani ya Mabuni. Kati ya vituo hivyo viwili ni kama kilomita 4 kwa barabara ya 331, kwa hiyo ukilikosa basi unaweza kutembea, ila kivuli hakuna.

Yanayowaangusha watu:

Namba 82 hupita kama mara moja kwa saa, na jioni hupungua. Mara tu unaposhuka, vuka barabara upige picha ratiba ya kituo cha kurudia. Namba 89 nayo huchelewa ikikutana na foleni ya Naha, hivyo usiache dakika 5 tu za kubadili pale Itoman. Acha 20.

Ukipanda chukua karatasi ndogo yenye namba. Nauli yako inaonekana kwenye ubao wa mbele chini ya namba hiyo, unalipa wakati wa kushuka. Mashine iliyo kando ya dereva huvunja noti ya yeni 1,000. Ukija na 10,000 utamtesa dereva na abiria wote walio nyuma yako.

Wanaofikiria kukodi gari: Japani inatambua kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Cha Mkataba wa Vienna wa 1968 hakikubaliwi. Angalia mwaka ulioandikwa kwenye jalada kabla ya kusafiri, maana kaunta ya kukodisha haitajadiliana nawe. Na Naha ina njia za mabasi ambazo asubuhi na jioni gari dogo haliruhusiwi, na wageni hupigwa faini kila leo.

Bamvua:
Ufukwe wa Mabuni unashukika, lakini panga kwa maji, si kwa saa ya chakula. Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua (mwezi mwandamo au mpevu) hukaribia mita 2. Tafuta jedwali la maji la Naha au Itoman, shuka saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, anza kupanda maji yakianza kugeuka. Maji mafu (siku ambazo maji hayapwi sana) hayakupi nafasi ya kutosha kutembea, siku hiyo baki juu ya genge.

Njia inaanzia ndani ya bustani, upande wa kilima, ni ngazi kali zinazopita vichakani. Viatu viwe na soli ngumu. Chokaa ile imeliwa na maji ya chumvi ikabaki ncha kama wembe. Ndala zitakatika, na ukianguka viganja ndivyo vitakavyolipa. Glavu za kazi za pamba zinauzwa kila duka dogo, nunua. Baada ya mvua usishuke. Mwisho wa Mei ni msimu wa mvua huko, mvua ile ile iliyofanya jeshi lirudi nyuma kwenye tope.

Usiogelee hapo. Maji yakipwa hutoka kwa kasi kupitia mwanya wa mwamba wa matumbawe, na mkondo huo humtoa hata mwogeleaji hodari nje ya tumbawe. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna pia yavuyavu mwenye sumu kali, habu-kurage. Akikugusa, mwagia siki, usisugue na usitumie maji baridi yasiyo ya chumvi. Vichakani kuna nyoka wa sumu aitwaye habu, kwa hiyo usitie mkono kwenye tundu la mwamba hata kama simu imeangukia humo.

Jambo moja zaidi: mifupa ya watu na mabomu ambayo hayajalipuka bado hupatikana eneo hilo. Ukiona chuma chenye kutu au mfupa, usiguse, usichukue kumbukumbu. Kumbuka mahali, rudi juu, piga 110, namba ya polisi.

Mpwani_T:
Shukrani sana, nimeelewa. Sasa mapango: nasikia Himeyuri ni pango. Naingia?

Tochi_Mbili:
Hapana, ndugu. Himeyuri unaliona pango kwa juu tu, mdomo wake uko mbele ya mnara, na makumbusho yako nyuma. Wanafunzi wa kike 222 na walimu 18 walipelekwa Machi 1945 kuhudumu kwenye hospitali ya jeshi ya Haebaru, wakahamishwa kusini na jeshi lilipokimbia. Juni 18 waliambiwa kikosi kimevunjwa, kila mtu ajitegemee, wakati mapigano yako mlangoni. Kati ya hao 240 walikufa 136, wengi wao baada ya amri hiyo. Makumbusho yana maelezo ya Kiingereza. Tenga saa moja na nusu, si dakika 20 kama mabasi ya watalii.

Pango la kuingia ni Abuchiragama, Itokazu, upande wa Nanjo. Lina urefu wa mita 270, na zaidi ya majeruhi 600 walilazwa humo. Lazima uweke nafasi mapema na uingie na kiongozi. Helmeti na tochi ni lazima, picha hairuhusiwi. Kiongozi wa Kiingereza muulizie unapoweka nafasi, ukikosa nenda na mtu wa kukutafsiria. Viongozi huzima tochi zote kwa muda ndani, anayeogopa giza aseme mapema. Usiingie gama nyingine yoyote peke yako: dari huanguka, na nyingine ni makaburi.

Kusi:
Naongeza kuhusu Mabuni, maana hapo ndipo watu hupotea. Jiwe la Amani, yaani kuta za ukumbusho ndani ya bustani, lina majina zaidi ya 242,000, Wajapani, Wamarekani zaidi ya 14,000, Wakorea na wengine, kwa pamoja bila kutenganisha askari na raia. Kuta zimepangwa kwa nchi, mikoa na, kwa watu wa Okinawa, vijiji, kwa hiyo chukua ramani kwanza. Njia kuu imeelekezwa mahali jua linapochomoza Juni 23, siku ya kumbukumbu ya vita hivyo. Tarehe ya kifo cha Ushijima utaikuta imeandikwa 22 au 23, zote zinatumika. Makumbusho ya hapo Mabuni ni yeni 300, mwisho wa kuingia saa 10 na nusu jioni kwa saa zetu. Kupwa kukiwa mchana, anza na makumbusho. Kukiwa asubuhi, shuka kwanza.