Naomba ushauri: zeze langu linaita mbuzi wa jirani

Wakuu, habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamishiwa Dodoma kikazi, nimepanga Nkuhungu. Mwezi uliopita nilinunua zeze, kile chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa uta, kwa mzee mmoja wa Chamwino. Ugonjwa huu wa zeze nimeupata kwa kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo. Hata harusini, akina mama wa Kigogo walipobana ngoma za muheme mapajani na kuzipiga mpaka vumbi likapanda, mimi moyo ulikuwa kwenye zeze.

Sasa kasheshe. Kila nikikaa uani jioni kupiga, mbuzi wa jirani haoo! Beberu wao mmoja mwekundu hupandisha miguu ya mbele kwenye uzio wa michongoma, ananikazia macho huku anatafuna. Juzi waliingia wakala mizabibu yangu miwili, ndiyo kwanza ilikuwa inachipua. Nimemfuata mzee mwenye mbuzi, kwa adabu zote, akanijibu: "Mwanangu, si umewaita mwenyewe?" Mke wangu anacheka tu, hana msaada.

Nidai fidia ya mizabibu, au nimeze kwa ajili ya ujirani? Na mnaojua zeze, utomvu wa kupaka kwenye uta naupata wapi hapa mjini? Wangu unateleza, sauti inatoka kama mlango wa stoo. Labda ndiyo maana watu hawaji, wanakuja mbuzi.