Kampala hadi Diani kwa gari: wikendi inatosha?

Nyabo_Kireka
Habari zenu wakubwa. Tuko wanne, watu wazima wawili na watoto wa miaka 6 na 9. Gari ni Toyota Noah ya petroli, imesajiliwa kwa jina la kaka yangu. Tunataka watoto waione bahari. Tumefikiria kutoka Kampala Ijumaa jioni, tuendeshe usiku kucha, Jumamosi tuwe Diani na Jumapili turudi. Tupite mpaka wa Busia au Malaba? Karatasi gani zinatakiwa, na petroli kiasi gani?

Dereva_wa_Mabira
Karibu nyabo. Wikendi haitoshi. Kampala hadi Diani ni takriban kilomita 1,170, na kwa malori yaliyojaa njia hiyo wastani wako hautazidi kilomita 65 kwa saa. Hizo ni saa 18 za usukani kwenda tu, kabla ya mpaka na chakula. Tangu Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumapili usiku wa manane ni saa 54, na 36 kati ya hizo zitaishia barabarani.

Usiku kucha ndiyo sehemu inayonitia hofu zaidi. Lori likiharibika, mara nyingi dereva huweka matawi tu barabarani, na mwanga wa gari lako unayafikia ukiwa umeshachelewa. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita katikati ya Tsavo na wanyama huvuka. Watoto wawili nyuma, dereva ana usingizi saa 9 usiku: tafadhali msifanye hivyo.

Tafuteni siku 6. Siku ya kwanza ondokeni saa 11 alfajiri kabla Mukono haijaziba, pitieni Busia, Kisumu, Kericho na Nakuru, mlale Naivasha. Siku ya pili msiingie katikati ya Nairobi. Shikeni barabara ya mchepuko ya kusini kutoka Kikuyu hadi barabara ya Mombasa. Malaba ina malori ya bandarini mengi zaidi, kwa hiyo kwa gari dogo Busia ni nafuu.

Petroli: Noah iliyojaa watu na kiyoyozi kikiwaka, hesabu kilomita 10 kwa lita. Lita 117 kwenda, na kama 240 safari nzima, ukiongeza mizunguko ya huko.

Mpakani_Busia
Kuhusu jina la kaka: uwe na kitabu cha gari chenyewe, barua yake ya idhini iliyogongwa muhuri na mwanasheria, na nakala ya kitambulisho chake. Bila barua hiyo gari linaweza kuzuiwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Bima ya kawaida ya Uganda inaishia mpakani. Iombe kampuni yako ya bima kadi ya manjano ya COMESA siku kadhaa kabla ya safari. Watu wazima wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Watoto wachukulieni pasipoti na vyeti vya kuzaliwa. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, basi msichome juzi ya safari.

Busia ni kituo kimoja kwa nchi mbili. Ukienda, usisimame upande wa Uganda: nyoosha hadi jengo la Kenya, utagongewa kutoka na kuingia humo humo. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Ukirudi, hakikisha kimefungwa, la sivyo kwenye kompyuta gari litabaki Kenya na safari ijayo itakuwa na maswali. Na toeni kavera (mifuko ya plastiki) zote garini! Kenya ilizipiga marufuku mwaka 2017.

Ssese_Luku
Kama ni wikendi hii hii, nyabo, nendeni Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria. Si bahari, lakini mchanga upo na watoto watafurahi. Kampala hadi Masaka kilomita 130 hivi, kisha kama 40 hadi Bukakata. Kivuko cha kwenda Luku ni bure na kuvuka ni chini ya saa moja. Kinachokula muda ni foleni, hasa Jumapili watu wakirudi, kwa hiyo kuweni Luku asubuhi.

Angalizo moja kubwa: kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa penye magugu na maji yaliyotulia, basi wazuieni watoto kucheza huko. Waliooga ziwani wapimwe kliniki baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, na wachanga huponyoka.

Nyabo_Kireka
Asanteni sana. Wikendi hii Ssese, Diani tutaenda Desemba. Gari nilikague nini, na baharini tujihadhari na nini?

Dereva_wa_Mabira
Anza na maji ya breki. Yanafyonza unyevu, yakizeeka yanachemka kwenye mteremko mrefu na pedali inazama. Yabadilishe kama yamepita miaka miwili. Mkirudi, mteremko wa Limuru kwenda Bonde la Ufa shukeni kwa gia ndogo, msikanyage breki mfululizo. Kwenye tairi soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu likipata joto la Voi hupasuka hata kama kashata zake ni nzima. Ongezeni kizima-moto, pembetatu mbili na sanduku la huduma ya kwanza.

Diani maji yakipwa hurudi mbali na miamba hubaki wazi, kuna shokomwiba (viumbe wa baharini wenye miiba mikali), basi watoto wavae viatu. Ulizeni hotelini saa za maji kujaa. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Na msipange foleni ya feri Likoni: kabla ya kufika mjini Mombasa, geukeni Miritini mshike barabara ya Dongo Kundu, itawatoa moja kwa moja pwani ya kusini.