Glaida ya kujirusha yenyewe: ya betri au ya petroli?

Mwewe_Bavaria: Wakuu, heshima zenu. Natafuta glaida (ndege nyepesi inayoelea kwa mikondo ya hewa) ya mabawa ya mita 18, inayojirusha kwa mota yake yenyewe; pamoja na rubani ni kama kilo 500. Kiangazi itaruka hapa Bavaria, Desemba ipelekwe Bitterwasser, uwanja wa glaida Namibia. Nimepata mbili: ya betri ya kWh 8, na ya petroli, tangi lita 12. Nichukue ipi?

Kipanga77: Mkuu, kupaa zote zitakupaisha. Kazi ni kurudi nyumbani jioni mikondo ya hewa ikishalala. Kuinua kilo 500 mita 1,000 ni kWh 1.36 kavu, ukiweka kinachopotea kwenye mota, propela na ukinzani wa hewa, hesabu kama 2.5. Kupanda mita 600 asubuhi kumekula 1.5. Acha akiba ya asilimia 20, unabaki na mita 1,900 hivi za kupanda. Kwa mteremko wa 1:40, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 40 za mbele, hizo ni kilomita 75, upepo wa mbele usipokuwepo. Lita 12 za petroli, ukipanda na kuteremka kama meno ya msumeno, zinavuka 300. Kwa Namibia ningechukua petroli bila kufikiri mara mbili.

FundiBawa: Usimharakishe. Bitterwasser iko karibu mita 1,270 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 35, hewa yake ni nyepesi kama ya mita 2,300, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu, tena mchanganyiko unazidi petroli na plagi inatoka nyeusi. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haidhoofiki hivyo. Ila propela yake nayo inakata hewa hiyohiyo nyepesi, na mbio za kuondokea zinarefuka kwa zote mbili.

Adui wa betri pale ni jua. Ikianza kupanda ikiwa tayari imepata joto, kidhibiti kitapunguza nguvu katikati ya safari, kabla hujapata urefu wa maana. Iweke kivulini, na usiilaze wiki nzima ikiwa imejaa. Asilimia 50 inatosha. Kwa chaja ya kW 2.3, kuijaza kutoka chini ni saa nne.

Kipanga77: Sawa, hapo kwenye joto nakubali.

Mwewe_Bavaria: Na matunzo?

FundiBawa: Petroli ina mambo. Oili inachanganywa nayo 1:50, yaani mililita 200 kwa lita 10 za petroli. Yenye ethanoli usiiache kwenye tangi, inavuta maji na kuharibu mipira ya kabureta. Mtikisiko unalegeza boliti na kupasua ekzosi, basi kila asubuhi shika kwa mkono: springi za ekzosi, mkanda, mguu wa propela (nguzo inayoitoa propela nje ya bodi). Kuangalia kwa macho hakutoshi, ufa unajificha chini ya masizi.

Betri iliyoanguka, hata kwa kimo cha meza, usiirudishe kwenye glaida kabla haijapimwa. Mwaka 2017 Uingereza betri ya glaida ilishika moto wakati wa kutua.

Mwewe_Bavaria: Niwashe nikiwa kimo gani?

Kipanga77: Chagua shamba la kutua kwanza, kisha washa ukiwa mita 300 au zaidi juu yake. Propela ya petroli ikiwa imesimama nje na injini imegoma, unashuka kama jiwe. Jaribu mara mbili. Ikigoma, achana nayo, tua. Ya umeme inaitika kwa sekunde chache, lakini kimo usipunguze: plagi ya waya iliyokaa vibaya nayo haina huruma.