Dodoso la afya lisilo na jina: tuwaruhusu watoto wajibu?

Mama, Makambako: Kamwene, wazazi wenzangu. Shuleni kwa binti yangu tumeombwa ruhusa wanafunzi wajaze dodoso la afya: mlo, uonevu, pombe, huzuni, mahusiano. Jina haliandikwi. Nusu ya kikao kimekataa, eti maswali yatawafumbua macho watoto. Mimi nimekubali. Utafiti wa 2022-2023 uliukuta mkoa wetu wa Njombe na asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi wanaoishi na VVU, kuliko mkoa wowote nchini. Tusipowauliza watoto, tutajuaje yanayowasibu?

Baba, Iringa mjini: Mimi nilikataa, na sijutii. Mtoto akiandika kwamba mjomba anamchezea usiku, na jina hakuna, nani atamfuata kumsaidia? Mtafiti ataondoka na namba zake, mtoto atarudi nyumba ileile.

Mwalimu, Mufindi: Mzee wangu, hoja yako nzito. Lakini mtoto huyohuyo ukimwambia aandike jina, hataandika kitu. Utafiti wa ukatili wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wangapi kati yao walikuwa wamekaa madarasani kwetu, sisi tukisahihisha madaftari?

Hofu yangu ipo kwingine. Niliwahi kusimamia dodoso kama hilo. Jina halikuwepo, ila walitaka umri, jinsia, kijiji na mtoto anaishi na nani. Darasani kwangu kulikuwa na msichana mmoja tu wa kijiji fulani anayelelewa na bibi. Hapo jina la nini tena? Ilikuwa Juni, baridi kali. Kila nilipopita, binti wa dawati la mbele alivuta mkono wa sweta ukafunika karatasi. Nilikuwa nazunguka kwa mazoea ya kusimamia mtihani. Nilipotoka nikasimama nje, ndipo nikasikia kalamu zinatembea.

Halafu swali la pombe, siku 30 zilizopita. Kijana akanyoosha mkono: "Mwalimu, ulanzi nao ni pombe?" Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa wakati wa mvua, na Juni msimu umeshapita. Tungeandika kwamba watoto wa Mufindi hawanywi.

Kwa hiyo nasema waulizwe, lakini kijiji kifutwe, ulanzi utajwe kwa jina lake, na mwalimu wa darasa akae nje. Kila mtoto aondoke na kikaratasi chenye namba 116 ya simu ya watoto, wote wapewe ili asijulikane mwenye shida.

Mama, Tukuyu: Na mtoto asiyetaka kujibu aachwe, asiulizwe sababu. Hilo hamjalisema.

Baba, Iringa mjini: Mwalimu, kikaratasi hicho kimenigusa. Mjomba akikikuta kwenye begi, wote wanacho, hana la kuuliza. Bado sijasaini. Nataka majibu yaletwe kikaoni, tuyasikie wazazi, yasiishie wilayani.

Mama, Makambako: Kijiji kwetu kimo, swali la nne. Nitalisema Jumamosi, na la Mama wa Tukuyu pia. Mwalimu, nisaidie jambo moja kabla sijaenda: karatasi zikishaingia kwenye sanduku, ufunguo unakaa kwa nani?