Walioanza ski ukubwani, tupeane uzoefu

Goti Kongwe (mleta mada)
Wanajamvi, habari za leo. Jana nilimwona mtu wa makamo ameketi kwenye theluji, ski moja (ubao mrefu wa kutelezea) ikiwa mguuni na nyingine imekwama hatua kadhaa juu yake, naye akiitazama kama mtu anayedaiwa. Nikaona tuzungumze sisi tulioanza mchezo huu tukiwa watu wazima. Kilichonitesa mimi ni kuegemea mbele. Mwili ukiuona mteremko hutaka kurudi nyuma, lakini ukirudi nyuma uzito huhamia visiginoni, ncha za ski hupoteza mshiko, na ski ulizotaka zipunguze mwendo ndizo zinazozidi kukimbia. Mwalimu alinieleza jambo hilo nikalielewa papo hapo, ila magoti yalichukua muda mrefu zaidi kulikubali.

Bi Taratibu
Ya kwangu hayajakubali hadi leo.

Fundi Mabuti
Kabla hamjalaumu magoti, tazameni mabuti. Wanaoanza wengi huazima mabuti makubwa kwa kuwa yanavalika bila taabu, kisha mguu unacheza ndani na kila wanachoiambia ski hakifiki. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma, na muundi wako uegemee ulimi wa buti. Soksi iwe moja, tena nyembamba.

Kaka Mkubwa
Naomba kutofautiana. Mimi huvaa soksi mbili nzito na miguu yangu haijawahi kupata baridi.

Fundi Mabuti
Haijapata baridi, mkuu, au imekufa ganzi? Soksi mbili hubana damu, na mguu usiopitisha damu vizuri ndio unaopoa upesi.

Mama Wawili
Mada hii imenigusa, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Nilikuwa nimejifunza kukaa kabari, yaani kukutanisha ncha za ski na kutanua visigino ili kupunguza mwendo, na kwenye uwanja wa wanaoanza nilikuwa ninasimama popote nilipotaka. Shemeji yangu, aliyejifunzia Austria, akaniambia kwamba njia yenye alama ya buluu ni rahisi na kwamba nimeshaiva. Ni kweli kwamba kule Austria buluu ndiyo rangi ya njia nyepesi. Lakini siku hiyo tulikuwa Marekani, ambako alama ya njia nyepesi ni duara la kijani, na mraba wa buluu ni daraja la kati. Isitoshe, kule kila mlima hupanga njia zake kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, hivyo buluu ya mlima mmoja yaweza kuwa kali kuliko buluu ya jirani yake.

Tulipanda lifti ya viti. Huko juu wingu lilikuwa limeshuka, na mwanga ulikuwa umefifia kiasi kwamba sikuweza kutofautisha theluji na anga, wala kujua kama mbele yangu kuna bonde au tuta. Shemeji akatangulia. Nikakaa kabari, na kwa muda ilishika. Kisha tukafika mahali ambapo upepo ulikuwa umefagia theluji yote laini na kubakiza ganda la barafu. Hapo kabari haikuwa na maana tena: nilisukuma visigino hadi mapaja yakawaka moto, na bado mwendo ulikuwa unaongezeka. Nilianguka ubavu, ski zikafyatuka kwenye mabuti kama zinavyotakiwa, lakini mkanda wa fimbo ya kutelezea ulikuwa umezungushwa kwenye kifundo cha mkono, na fimbo ikakivuta kidole gumba upande ambao Mungu hakukiumba kwenda.

Mpita njia mmoja alisimama, akachomeka ski zake kwa kuzipishanisha juu ya pale nilipolala ili wanaoshuka wanione, akawaita waokoaji. Nilifikishwa chini kwa machela ya kuteleza, nimefungwa kama mzigo, huku mwokoaji akiongoza mbele. Daktari alisema kano ya chini ya kidole gumba imechanika, na kwamba jeraha hilo analiona mara kwa mara kwa watu wa ski.

Bi Taratibu
Pole sana, dada. Lakini shemeji alikuwa wapi?

Mama Wawili
Chini. Alidhani ninamfuata.

Kaka Mkubwa
Tusimhukumu. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la ski, zinasema kila mtu ateleze kwa mwendo anaoweza kuumudu, kulingana na uwezo wake na hali ya theluji. Dada ni mtu mzima.

Bi Taratibu
Kanuni hizo ni 10, kaka, na wewe umesoma moja. Ya 9 inamtaka kila mtu asaidie ajali inapotokea. Atasaidiaje mtu ambaye yuko chini anakunywa kitu cha moto?

Mama Wawili
Sikusema alikuwa anakunywa.

Bi Taratibu
Hukusema hakuwa anakunywa.

Goti Kongwe
Turudi kwenye mada, tafadhali.

Mlima Mrefu
Kilichokosekana pale si ujasiri, bali ni kuteleza kiubavu. Weka ski zote mbili zikikata mteremko, egemeza uzito kwenye ski ya chini, kisha legeza kingo za ski zinazouma theluji taratibu. Utashuka kwa ubavu kama pazia linavyoshushwa, na ukizikaza kingo tena utasimama. Mtu mzima ajifunze hilo kabla ya kupelekwa juu, kwa sababu litamshusha hata pale ambapo hawezi kukata kona. Na anayeanza asivae mkanda wa fimbo kabisa; heri fimbo ipotee.

Kaka Mkubwa
Mimi naona kabari yenyewe ni kupoteza wakati. Anza na ski sambamba tangu mwanzo.

Mlima Mrefu
Hannes Schneider, mwalimu wa ski wa Austria, alianza kufundisha St. Anton, huko huko Austria, mwaka 1907, na utaratibu alioujenga ulimtoa mwanafunzi kwenye kabari hatua kwa hatua. Shule nyingi bado zinaanzia hapo. Wapo wanaofaulu kuiruka, lakini wengi wao ni vijana wanaoanguka wakicheka.

Goti Kongwe
Mimi nilianguka nikiomba dua.

Bi Taratibu
Nina swali la kweli sasa. Kushuka kwenye lifti ya viti kunanishinda. Kila mara ninawaangusha wenzangu.

Fundi Mabuti
Shika fimbo zote kwa mkono mmoja na usimshike jirani. Inua ncha za ski kabla hazijagusa theluji, ngoja ski zilale bapa, kisha simama na uache kiti kikusukume. Nenda moja kwa moja hadi utoke kwenye njia ya wengine. Glavu utarekebisha huko mbele. Ukiwa na hofu, mpungie mhudumu aliye chini kabla ya kupanda, atapunguza mwendo.

Kaka Mkubwa
Au ruka mapema kidogo.

Fundi Mabuti
Asiruke hata kidogo, mkuu. Tafadhali usimsikilize huyu.