Tupeane uzoefu: vile vibao vya chuma vya msalaba kwenye reli vilienda wapi?

Mwana_Njoro
Wadau wa Nakuru, Molo, Kisumu mpaka Butere, salaam. Leo nimevuka reli upande wa Njoro nikakuta kile kibao cha msalaba, kinachoonya wa barabarani kwamba hapa barabara inakata reli, hakipo. Kimebaki kisiki cha nguzo, kimekatwa usawa wa nyasi, na chuma bado kinang'aa pale msumeno ulipopita. Kilikuwa bamba zito, mikono miwili imepishana, limefungwa kwa bolti juu ya nguzo ya kipande cha reli kuukuu. Si hivi vya bati jepesi vinavyopinda bodaboda ikiviegemea. Nimesimama pale na roho imeniuma kweli. Kwenu kilikuwepo? Kiliondoka vipi? Mwenye picha aweke.

Omera_Kibos
Kibos kilienda zamani. Hata nguzo walichimbua.

NyarYala
Umenirudisha mbali, ndugu yangu. Sisi ni watu wa reli ya Butere, ile ya Kisian, Luanda, Yala. Mama aliuza ndizi na njugu stesheni, na sheria yake ilikuwa moja: mtoto asipite kibao cha msalaba bila mtu mzima. Mbele kidogo, kando ya reli, kulikuwa na kingine kidogo chenye herufi W. Hicho ni cha dereva wa treni, akikifikia anapiga honi. Basi tukisikia honi tulijua yuko kwenye W, tunashikana mikono, tunangoja. Treni ilipoacha kuja, mahindi yakapandwa mpaka kwenye kokoto. W ndiyo iliyotangulia kuibwa, kwa sababu ilikuwa fupi, hata mtoto angeibeba.

KijanaWaSection58
Vyeupe vyenye ukingo mwekundu, sivyo?

Omera_Kibos
Vyetu vilikuwa vyeupe na vyeusi.

KijanaWaSection58
Haiwezekani. Hiyo nyeusi ilikuwa kutu.

Omera_Kibos
Kutu na rangi nazijua, omera. Nimezaliwa hapo.

MzeeWaGenge
Vijana, nilikuwa genge la reli, yaani kikosi cha kutunza njia ya treni, Londiani kushuka Fort Ternan, tangu enzi za East African Railways. Jumuiya ilivunjika 1977 tukiwa kazini, tukawa Kenya Railways. Rangi ilitegemea umepaka lini na stoo ina nini. Ila hamjataja kazi kubwa zaidi. Kila kivuko tulifyeka pembe zote nne, ili mwenye gari aione treni mapema na dereva wa treni aone barabara. Nyapara alikuja, anasimama barabarani, anatazama kushoto na kulia. Asipoona reli ya kutosha, mnarudia kufyeka. Kibao kilichozibwa na majani kilikuwa aibu ya genge zima. Leo genge lenyewe liko wapi?

NyarYala
Asante sana, baba. Hilo la pembe nne sikuwahi kulisikia.

SkrepuBondeni
Mimi nanunua vyuma vikuukuu hapa Nakuru, na najua mtaanza kutupiga mawe. Sheria ya 2015 inataka tuwe na leseni na tumwandike anayetuuzia. Anayeleta kibao cha reli usiku hataki kuandikwa, basi namfukuza. Januari 2022 rais alipopiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu, tuliofuata sheria tukalala njaa pamoja na wezi.

KijanaWaSection58
Unamfukuza aende kwa jirani yako. Kibao kinaishia hapo hapo Bondeni.

SkrepuBondeni
Una ushahidi? Vingine vilibebwa mchana, na watu waliovaa ovaroli na vizibao vya kung'aa, kwa lori. Nani angewauliza?

KijanaWaSection58
Ovaroli kila mtu ananunua sokoni.

MzeeWaGenge
Msigombane. Aliyeuza na aliyenunua wote wamekula damu ya watu.

BintiMuhoroni
Nisameheni kwa urefu, lakini nikisoma hapa mikono inatetemeka. Ilikuwa Jumapili usiku, manyunyu, matatu imejaa, tunaelekea Muhoroni kutoka upande wa Chemelil. Treni ya abiria ya Kisumu ilikuwa imesimama miaka mingi ikarudi Desemba 2021, na hii ilikuwa baada ya kurudi. Watu walikuwa wamesahau. Dereva wetu alikuwa mgeni, amewekwa siku hiyo tu kwa sababu mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Mbele yetu kulikuwa na trekta lenye trela mbili za miwa. Likapunguza mwendo, likasimama. Sisi tukasimama nyuma yake, pikapu nyuma yetu ikatubana. Hakuna aliyejua tumesimama juu ya reli. Kibao kilikuwa kimeshakatwa, majani marefu pande zote, giza tupu.

Halafu honi. Niliona mwanga unapita juu ya miwa, majani yote yanakuwa meupe. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ni treni." Kisha mlango ukakataa kufunguka kwa sababu wote tuliusukuma pamoja. Watu wakatokea madirishani. Mimi nilipitishiwa mtoto wa mtu, sijui wa nani, nikaanguka naye kwenye kokoto. Utingo wa trekta alikuwa akipiga trela kwa panga akipaza sauti, "Songa! Songa!" Trekta likavuta, matatu ikaruka mbele na wazee wawili bado wamo ndani, na treni ikapita ikichukua taa ya nyuma. Taa tu. Pikapu ilikuwa imerudi nyuma na kuingia mtaroni.

Hakuna aliyekufa. Tulikaa kando ya barabara tukihesabiana, tukikosea, tukianza tena. Kulipokucha nilirudi kutafuta kiatu nikaona kisiki cha nguzo kwenye nyasi. Wenyeji waliniambia kibao kilikuwa hapo tangu babu zao.

Omera_Kibos
Mungu mkubwa.

NyarYala
Pole dada. Pole sana. Na yule mtoto?

BintiMuhoroni
Mzima. Mama yake alinikumbatia mpaka nikashindwa kupumua.

KijanaWaSection58
Pole, lakini dereva hana lawama? Hata bila kibao, huingii kwenye reli kabla hujaona nafasi ya gari lako ng'ambo.

NyarYala
Mgeni, usiku, mvua, hakuna kibao, hakuna aliyefyeka. Ataijuaje reli? Acha kumlaumu mtu aliyetegwa!

MzeeWaGenge
Nyote mna haki. Lakini sikilizeni: treni ya mizigo iliyojaa yaweza kuhitaji karibu kilomita nzima kusimama. Dereva akikuona ameshachelewa, anachoweza ni honi. Gari likizima relini, toka, acha mizigo, kimbia mbali na reli.

Omera_Kibos
Kimbia upande treni inakoelekea, uwe mbele yake.

MzeeWaGenge
Hapana kabisa! Ukienda huko, vyuma vya gari vinakurukia. Kimbilia upande inakotoka, ukiiacha reli kwa mshazari. Hilo tulifundishwa.

SkrepuBondeni
Wajenge vibao vya zege. Hakuna atakayeniuzia zege.

KijanaWaSection58
Vya mbao vinatosha.

NyarYala
Vya mbao vitapika ugali wiki hiyo hiyo.

MaloMolo
Nimechelewa, lakini nina habari njema. Kimoja cha chuma bado kimesimama huku kwetu, pamoja na nguzo yake. Ukitoka Elburgon ukipita

Mwana_Njoro
Ishia hapo! Tafadhali futa hata hayo maneno ya mwisho. Hapa wanasoma watu wa kila aina.

SkrepuBondeni
Akifuta ni sawa. Mimi siji.

KijanaWaSection58
Kipelekwe Makumbusho ya Reli Nairobi, yapo tangu 1971. Huko kitalindwa.

MzeeWaGenge
Kikienda Nairobi, hapo kwenye reli mtaweka nini? Hicho bado kiko kazini. Kipakwe rangi, pembe zifyekwe, chifu ajulishwe.

MaloMolo
Nimefuta. Rangi naweza kununua, nyeupe na nyekundu.

Omera_Kibos
Nyeusi.

Mwana_Njoro
MaloMolo, niandikie pembeni. Panga ninalo, na Jumamosi niko huru. Mzee wa genge, ukiweza kufika tutakulipia nauli, utuonyeshe pembe zinafyekwa mpaka wapi.