"Ukiwa na shaka, hujaokoka": je, ni kweli?

Mleta mada:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mama yangu aliokoka mwaka 1964, msichana wa miaka 18, katika ushirika wa Uamsho, ule wa walokole wa Afrika Mashariki, huko kwetu Kagera. Tumekua tukimsikia alfajiri akiimba Tukutendereza, wimbo wa Uamsho, huku anachochea moto. Mwaka juzi, moyo umeshachoka na miguu imevimba, aliniita usiku akaniuliza: "Mwanangu, hivi kweli niliokoka, au nilifuata wenzangu?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye wakaja watumishi wa huduma moja kumwombea. Mama hajui kuficha, akawaeleza lililokuwa linamsumbua. Kiongozi wao akamwambia: "Mama, aliyeokoka anajua. Ukiwa na shaka, hujaokoka." Wakamwongoza sala ya toba. Wiki iliyofuata wakarudi, wakamuuliza kama sasa ana uhakika. Akajibu, "Kiasi." Wakamwongoza tena. Nilihesabu mara nne. Ameshika ukingo wa kitanda ili akae wima, pumzi inamkatika, anafuatisha neno kwa neno kama mtoto wa kipaimara. Na kila walipoondoka alibaki na hofu kuliko walivyomkuta.

Sijaja kumsema mtu. Nimeleta fundisho lenyewe tulipime, kwa sababu nalisikia kila mahali siku hizi, kwenye redio, kwenye mikutano, hata misibani marehemu akiwa mbele yetu. Je, kuwa na hakika ni alama ya lazima ya imani? Na lile neno la Paulo, "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani" (2 Wakorintho 13:5), tulitumieje bila kumvunja mtu? Mimi naamini mwenye shaka anaweza kuwa ameokoka kabisa. Nisahihisheni kwa Maandiko.

Mpentekoste wa Mbeya:

Pole sana dada. Kumrudisha mgonjwa kwenye sala mara nne si sawa, hilo nalikubali mapema.

Ila tusilegeze Neno kwa sababu ya huruma. Yohana anasema ameandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele" (1 Yohana 5:13). Hakuandika ili tubahatishe. Warumi 8:16 inasema Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho zetu. Mimi nilikuwa mpiga debe stendi, pombe asubuhi, pombe jioni. Nilipookoka nilijua, mke wangu alijua, na mwenye kilabu alijua, maana alinidai na nikamlipa. Mtu aliyefunga ndoa ukimuuliza "umeoa?" hakujibu "nadhani".

Na kuna jambo dada hujaligusa. Makanisa yamejaa watu waliobatizwa wachanga, wakapata kipaimara, wakaimba kwaya miaka thelathini, na hawamjui Kristo. Hao nani atawauliza? Tukinyamaza eti tusiwatie hofu, tutakuwa tumewabembeleza mpaka jehanamu.

Mkatoliki, Moshi:

Tumsifu Yesu Kristo.

Kanisa langu lililishughulikia swali hili mwaka 1547, kwenye Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Lilisema hakuna awezaye kujua, kwa uhakika wa imani usioweza kukosea, kwamba amepata neema ya Mungu. Watu huishia hapo na kusema Wakatoliki wanafundishwa hofu. Lakini fungu hilohilo linasema mcha Mungu asiwe na shaka juu ya huruma ya Mungu, wala stahili za Kristo, wala nguvu za sakramenti. Mashaka yanayoruhusiwa ni juu ya udhaifu wangu mimi.

Joan wa Arc, yule mtakatifu Mfaransa, aliulizwa swali la mama yako mwaka 1431, mbele ya mahakama iliyotaka kumchoma moto: "Unajua kama uko katika neema ya Mungu?" Ulikuwa mtego. Akisema ndiyo, ana kiburi. Akisema hapana, amejihukumu. Msichana yule asiyejua kusoma akajibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie, na kama yumo, Mungu amhifadhi humo. Sisi jibu hilo limewekwa katika Katekisimu. Mama angepewa hilo aliseme usiku, nafikiri angelala.

Niongeze tu kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, na mle ndani wakakiri pamoja kwamba waamini wanaweza kuitegemea huruma na ahadi za Mungu. Jambo lililotugawa karne nne na nusu tumelisogelea namna hiyo, halafu tunalipigania upya kando ya kitanda cha mgonjwa.

Msabato:

Kwetu Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, alionya kwamba watu wasifundishwe kusema wameokoka. Alikuwa anazungumzia anguko la Petro, aliyejiamini usiku ule kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo mimi naogopa zaidi mwenye uhakika wa kupitiliza kuliko mama mwenye swali.

Mleta mada:

Nawashukuru. Ndugu wa Mbeya, nimeusoma ushuhuda wako mara mbili na ninamtukuza Mungu, hasa kwa lile deni la kilabuni. Sasa nikujibu.

Mfano wa ndoa ni mzuri, ila tazama unatuelekeza wapi. Mwenye ndoa anajua ameoa kwa sababu kuna agano lililofungwa mbele za watu na mwenzake yumo nyumbani. Ziko asubuhi anaamka hana hisia yoyote ya ndoa, pengine wamenuniana. Hajaachika. Mama yangu alikuwa anaulizwa hisia, si agano.

Soma 2 Wakorintho 13 kuanzia juu kidogo, mstari wa 3. Wakorintho walikuwa wanataka dalili kwamba Kristo anasema ndani ya Paulo. Walikuwa wanampima yeye. Paulo akawageuzia: jipimeni ninyi. Halafu akauliza, "Au hamjijui wenyewe, kwamba Yesu Kristo yu ndani yenu?" Anategemea wajibu "yu ndani yetu", kisha watambue kwamba aliyewaletea huyo Kristo hawezi kuwa mtume wa uongo. Neno lililoandikwa kwa watu wenye kiburi wanaomhukumu mtumishi, sisi tumelichukua tukampiga nalo mgonjwa anayelia.

Na wale wenye uhakika kamili, Biblia inawaonyesha wapi? Mathayo 7:22. "Bwana, Bwana, hatukufanya unabii kwa jina lako, na kwa jina lako kutoa pepo?" Hawana chembe ya shaka hao, na wanaambiwa "sikuwajua ninyi kamwe". Nenda sura ya 25, wale wa mkono wa kuume wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Hawakuwa wameweka hesabu. Kama uhakika wa mtu ndio kipimo, sura hizi mbili zimeandikwa kinyume.

Hata waliosisitiza kujichunguza kuliko wote hawakusema maneno ya yule mtumishi. Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Wapuritani wa Uingereza, lina sura nzima, ya 18, juu ya hakika ya wokovu. Linasema mwamini anaweza kuipata kweli, wala si kubahatisha, na papo hapo linasema mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla hajaipata. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ambaye moyo wake ulipashwa joto jioni ya tarehe 24 Mei 1738, mwanzoni alihubiri kwa ukali kwamba asiye na hakika hana imani iokoayo. Uzeeni aliliacha fundisho hilo. Alikuwa amechunga watu wengi mno kuendelea nalo.

Mzee wa maziwa, Hai:

Mimi ni wa Uamsho pia, binti yangu. Nimesoma habari za mama yako nikaweka simu chini kwanza.

Uamsho wetu watu huanza kuuhesabu kutoka Septemba 1929, Dr. Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alipokutana na Simeoni Nsibambi kule Namirembe, Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Ukatoka huko ukaingia Kagera, ukafika Kenya. Ulizaa watu wenye hakika, na hakika ile ilionekana kazini. Wakati wa Mau Mau walikuwepo walokole waliokataa kiapo na kukataa bunduki ya serikali pia, wakauawa. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa chini ya Idi Amin Februari 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huohuo.

Lakini niseme na kosa letu. Tuliwauliza watu "umeokoka lini?" mpaka tarehe ikawa cheti. Asiyekuwa na tarehe alikaa nyuma. Na Uganda likatokea kundi, Wazukufu, yaani walioamka tena, wakawaambia walokole wenzao kwamba wamelala na wanapaswa kuamshwa upya. Ushirika ukapasuka, ndugu wa miaka mingi hawasalimiani. Kwa hiyo aliyomfanyia mama yako yule mtumishi, sisi tuliwahi kuyafanya kabla hajazaliwa.

Kazi yangu ni kupokea maziwa ya asubuhi kutoka kwa wafugaji. Nina kile kipimo cha kioo kinachoelea. Namimina maziwa kwenye mrija, natumbukiza kipimo, nangoja kitulie, nasoma mstari. Maziwa yaliyotiwa maji, kipimo kinazama zaidi. Kinachukua nusu dakika. Nikishasoma nakitoa, namimina maziwa kwenye pipa, yaende yakanywewe. Kipimo hakijawahi kuongeza mafuta kwenye maziwa ya mtu. Na mfugaji ambaye maziwa yake ni safi nikimpima mara nne asubuhi moja, mbele ya wenzake, kesho hatakuja.

Mpentekoste wa Mbeya:

Mzee, nimekusikia. Dada, Mathayo 7 umenikamata, nakiri. Lakini wale hawakukataliwa kwa sababu walikuwa na uhakika. Walikataliwa kwa kutenda maovu, soma mstari wa 23. Msimamo wangu uko palepale: hakika ni urithi wa kila mwamini na nitaihubiri. Ninachobadilisha ni hiki, nikikutana na mwenye shaka sitamwambia hujaokoka. Nitamuuliza anamtegemea nani.

Mleta mada:

Ndugu, hapo tuko pamoja kuliko nilivyotazamia. Mimi pia naitaka hakika hiyo. Nakataa tu kuifanya tiketi ya kuingilia. Kwa mwenye moyo unaomhukumu, 1 Yohana 3:20 haimwambii autulize kwanza. Inasema "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote".

Mke wa mchungaji, Bukoba:

Dada, mama aliondokaje?

Mleta mada:

Baada ya ile mara ya nne niliwaomba wale watumishi wasirudi. Jioni nikamsomea Yohana 10 polepole. Nilipofika "wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu", akaniambia rudia. Nikarudia. Akauliza, "Mkono wa nani?" Nikasema wa Yesu. Akanyamaza kitambo, akasema, "Basi mimi nilikuwa naangalia wangu," akauinua kidogo kutoka kwenye shuka, ule mkono umekonda, unatetemeka, akaurudisha.

Sitadanganya kwamba hofu iliisha yote. Siku nyingine ilirudi, tukasoma tena palepale.

Ila wiki hiyohiyo aliniambia nimwite jirani yetu wa upande wa chini. Walikuwa hawasemeshani miaka sita kwa ajili ya mlamula, ule mti wa alama ya mpaka, mama akidai mwenzake aliung'oa akaupanda ndani ya kibanja chetu. Yule bibi alikuja amejifunga kanga begani, akasimama mlangoni hataki kuingia. Mama akamwambia, "Mti niliusogeza mimi, mwaka ule wa mvua nyingi. Nisamehe." Sisi watoto hatukuwahi kujua. Bibi akaingia, akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka karibu na kichwa cha mama, na hakuondoka mpaka usiku.